Nyundo Isinyamaze

Sharti lilikuwa moja, na Mukalay alilitamka akiwa ameketi juu ya ukuta wa chuo cha ufundi, miguu inaning'inia, anamenya muwa kwa meno. Mgeni asiguswe maadamu nyundo yake inalia. Siku itakaponyamaza, vijana wataingia.

"Amalize kazi yetu kwanza," alisema, akatema makapi. "Akiisha kumaliza, shiye tutamusindikiza."

Numbi, binti wa mwaka wa mwisho, alikuwa dirishani mwa karakana, na neno lile, kusindikiza, alilijua. Alikwisha kuona watu wa mtaa wake wakisindikizwa. Walisindikizwa kwa mawe na nyimbo, godoro kichwani na mtoto mgongoni, mpaka stesheni.

Huyu Mukalay mwaka juzi alikuwa akiuza petroli ya chupa kando ya barabara, na hakuna aliyemjali. Mwaka huu wa tisini na tatu alikuwa mkuu wa vijana wa chama katika mitaa yetu ya Dilala, mjini Kolwezi, naye ndiye aliyeamua nani alale nyumbani kwake na nani akalale stesheni. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, ambao kampuni iliwaleta baba zao kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao Kasai yenyewe hawajaiona hata kwenye picha. Kampuni nayo ilikuwa hoi, mishahara haionekani, unga umepanda, na mwenye njaa akionyeshwa jirani wa kumlaumu hahitaji kuonyeshwa mara mbili. Stesheni maelfu ya watu walilala nje katika masika yale, wakingoja treni ambayo ilikuja ilipotaka.

Mgeni mwenyewe aliitwa Louis Beya, fundi wa shaba ya kupigwa, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyouzidi mwili wake. Baba yake alitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni, akahamia Lubumbashi ukubwani na huko akapata jina. Chuo kilimwalika aje kukaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi, naye akaja na mkewe, Mama Charlotte, aliyefikia kwa dada yake. Wiki yao ya kwanza mjini ilikuwa shwari. Wiki ya pili nyumba ya dada ilipigwa mawe, na Mama Charlotte pamoja na dada yake wakakimbilia stesheni. Tata Beya, kama wanafunzi walivyomwita kwa heshima, alibaki amefungiwa katika karakana ya chuo, analala nyuma ya rundo la makaa.

Aliyemwalika alikuwa Tata Tharcisse, mwalimu mkuu wa karakana, mtu wa hapa hapa Katanga. Wenzake walimwambia aahirishe, akakataa. Mzee huyo alikuwa na wasiwasi wake mmoja wa siku zote, na si wa siasa.

"Nikibaki mi peke yangu, hawa batoto batapiga mukono yangu mpaka kuzeeka," alikuwa akisema. "Basikie mukono ingine. Hata siku kidogo tu."

Na kweli, darasa zima lilipiga kama Tata Tharcisse: moja, moja, moja, sawasawa, salama, bila kosa na bila uhai. Numbi naye alikuwa hivyo hivyo. Hakujua kwamba kuna namna nyingine mpaka siku Tata Beya alipovua koti, akaketi mbele ya bamba lake na kuinua nyundo. Mapigo mawili ya haraka, mepesi. Kisha kimya, pumzi moja. Kisha la tatu, zito, ambalo mtu alilisikia nyayoni. Darasa liliacha kazi na kusikiliza. Numbi aliona haya, kama mtu aliyegundua ukubwani kwamba maisha yake yote amekuwa akiimba kwa noti moja.

Kwa wasioijua kazi hii: bamba la shaba hulazwa kifudifudi juu ya kitanda cha lami, na picha hupigwa kutokea nyuma, kwa nyundo na vyuma butu. Shaba ikipigwa hukauka, inakuwa ngumu, na sauti yake hupanda na kuwa nyembamba. Hapo huna budi kuirudisha motoni ilainike. Ukiilazimisha, inapasuka. Kwa hiyo fundi hupiga, hutia motoni, hupiga tena, na msaidizi wake huvuta mivukuto ya kupulizia moto.

Desturi ya mgeni ilikuwa hii. Yeye alifanya kazi yake mwenyewe katikati ya wanafunzi, nao walifanya zao, na siku ya kuagana alilipindua bamba la kila mmoja, na lililomridhisha aligonga alama yake nyuma, kando ya alama ya mwanafunzi. Mnunuzi anayeijua shaba hulipindua bamba kabla hajalitazama. Watawa, mahoteli, wenye maduka ya Lubumbashi, wote walitafuta alama mbili. Mwenye alama moja alirudi nyumbani na bamba lake akalitundika sebuleni.

Stany, kaka yake Numbi, hakuwa hata na hilo la kutundika. Alisoma chuo hicho hicho, na Tata Tharcisse alimhesabu kuwa mwenye sikio kuliko wote waliowahi kukalia benchi zile. Alikuwa mwaka wa mwisho wakati wa ule uporaji wa tisini na moja, maduka yalipovunjwa na askari wakabeba mpaka milango. Mwaka ule mgeni hakuja, wala mwaka uliofuata. Stany alingoja, akachoka kungoja, akaacha. Alikaa nyumbani akitazama dari. Kisha Mukalay akampa kofia ya chama na kazi ya kufanya.

Kazi hiyo sasa ilikuwa kukaa langoni mwa chuo na kusikiliza.

"Stany anajua mukono ya kila muntu mule," Mukalay alisema kwa majivuno, kama kwamba sikio lile ni lake. "Hakuna mwenye atamudanganya."

Na ndivyo siku zilivyopita. Tata Beya alipiga bamba kubwa la chama, refu kama mlango: mafundi wa kale wakiyeyusha mawe ya shaba, wawili kwenye mivukuto, mmoja akimwaga. Mukalay alilitaka litundikwe ofisini kwake, liwaonyeshe watu kwamba wenyeji ndio wenye shaba. Kwamba aliyelipiga ni yule yule wanayetaka kumfukuza, hilo halikumwasha hata kidogo. Watu wa namna hii hawawashwi.

Ndani ya karakana wanafunzi walikuwa wamepungua. Benchi la Tshibola lilikuwa tupu, aproni yake bado imetundikwa kwenye msumari. Baba yake alitoka Kasai kama wa Tata Beya, na Jumatatu moja Tshibola hakuja. Hakuna aliyeigusa aproni ile. Kila mtu alizunguka benchi lile kama linachoma, na Numbi, ambaye alikula naye chakula cha mchana miaka mitatu, hakwenda stesheni kumuaga. Aliogopa kuonekana. Hilo lilimuuma zaidi ya lolote, na alijua kwamba halitaacha kumuuma.

Jioni nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Stany alikaa mezani mbele yake, kofia ya chama juu ya goti, na vidole vyake vikigonga ukingo wa meza. Tangu aanze kazi ile ya langoni vidole vyake havikutulia. Viligonga meza, viligonga sahani, viligonga paja lake mwenyewe. Numbi alidhani ni vidole vya mtu asiyeweza kungoja kuvunja mlango.

"Leo alikuwa anapiga fasi gani ya bamba?" Stany aliuliza. "Mivukuto ao sura?"

"Mi sijue."

"Ni sura. Alikuwa anapiga bidogo-bidogo. Anabakisha nini tena?"

"Nimesema sijue, yaya. Ukule."

Yaya, kaka mkubwa, ndivyo alivyomwita tangu utotoni. Kaka yake mwenyewe, aliyemfundisha kushika nyundo walipokuwa watoto, alikuwa akimpeleleza mezani kwa mama yao. Alimchukia, na kumchukia kulimtia uchungu, kwa kuwa hakuwa na kaka mwingine.

Jambo ambalo Numbi alidhani Stany halijui ni kwamba bamba kubwa lilikwisha. Lilikuwa limefungwa gunia nyuma ya kabati tangu Jumamosi. Tata Beya alikuwa akipiga vipande chakavu, mabaki ya kukatia, chochote chenye unene ule ule, ili nyundo isinyamaze. Alipiga tangu asubuhi mpaka vijana walipokwenda kula, na viganja vyake vilitoka malengelenge yaliyopasuka yakatoka mengine. Aliwafundisha hapo hapo akipiga. Alimfundisha Numbi zaidi ya wengine, kwa sababu Numbi ndiye aliyekosea zaidi.

"Unaikimbilia ya tatu," alimwambia. "Unaogopa nini?"

"Siogope kitu, Tata."

"Unaogopa kimya. Mbili unapiga muzuri, halafu kimya ikikuya unaikimbia. Acha ikae. Mule mu kimya njo shaba inakujibu."

Ni rahisi kusema. Numbi alipiga mbili, akavuta pumzi, na katika pumzi ile alisikia kila kitu: vijana wakicheka langoni, mvua ikidondoka kwenye bati, moyo wake mwenyewe. Mkono ulishuka kabla haujaitwa. Tata Beya alitikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo, na hofu haikumlegeza.

Alhamisi asubuhi Kalumba, mwanafunzi mwenzake Numbi, aliingia kwa mlango wa nyuma, amelowa, akasema treni imeonekana. Mapadre walikuwa wakiwapanga watu, na askari wachache walikuwa wakilinda uwanja wa stesheni. Mama Charlotte alimtumia mumewe neno: aje leo, kwani baada ya treni hii hakuna ajuaye.

Tata Tharcisse aliwaita Numbi, Kalumba na mgeni pembeni. Uso wake ulikuwa wa majivu. Mpango wake ulikuwa mfupi kama mipango yote ya watu wasio na la kufanya. Ukuta wa nyuma ulibomolewa na mvua. Kalumba angempitisha mgeni katika shamba la mahindi la Mama Fidélie, jirani wa chuo, mahindi yakiwa marefu, mpaka kwenye reli, na kutoka hapo mpaka stesheni. Wanafunzi wengine waliambiwa wabaki nyumbani siku hiyo, ili pasionekane watu wengi wakitoroka. Yeye Tata Tharcisse angemkaribisha Mukalay ofisini, amwekee kinywaji, amsikilize akijisifu. Hilo halikuhitaji ufundi.

"Na nyundo?" Kalumba aliuliza.

Wote watatu walimtazama Numbi.

Alitaka kusema kwamba hawezi, kwamba hajawahi hata mara moja kuipata ile ya tatu, kwamba anayesikiliza pale langoni ni mtu aliyemfundisha kupiga na anaujua mkono wake kuliko anavyoujua uso wake. Yote hayo waliyajua. Tata Beya alikuwa akitazama huku na huku, na Numbi akaelewa anatafuta nini. Vipande chakavu vilikuwa vimekwisha, vyote vimepigwa mpaka vikawa kama karatasi. Bamba moja tu lilibaki lenye unene na sauti ya lile kubwa, kwa kuwa yalikatwa kwenye karatasi moja ya shaba. Lilikuwa lake, bamba la diploma, nusu limeshapigwa: wanawake wakichekecha udongo wa madini mtoni. Kazi ya mwaka mzima.

"Nitatumia yangu," alisema.

Tata Beya hakumshukuru. Alililaza bamba kwenye lami yeye mwenyewe, akalibonyeza pembe nne, akampa nyundo yake, ile yenye mpini uliolika mahali pa kidole gumba. Tata Tharcisse akakohoa na kumwomba mgeni, kwa sauti ya chini, kama haitakuwa taabu, agonge alama yake nyuma ya bamba la binti huyu kabla ya kuondoka, maana baadaye haitawezekana.

"Mi sipigake alama pa kintu yenye haiyaisha," alisema Tata Beya.

Numbi alisikia machozi yakimpanda, ya hasira hasa. Mtu anakimbia roho mkononi na bado ana masharti. Lakini mgeni yule alimwekea kiganja chake kilichochubuka juu ya mkono wenye nyundo, akakiacha pale kidogo.

"Kimya usiikimbie," alisema. Kisha akamfuata Kalumba.

Numbi alianza.

Mbili za haraka. Pumzi. Ya tatu. Iliwahi. Akajua imewahi kabla haijatua, akasubiri sauti ya Stany langoni. Haikuja. Mbili. Pumzi. Safari hii alijikaza kisabuni, akaiacha ile pumzi ikae, na ndani yake akasikia mguu ukikanyaga mabua ya mahindi nyuma ya ukuta, kwa mbali, na akajua kwamba akiwahi tena, mguu ule utakamatwa. Akangoja. Ya tatu ikashuka yenyewe, nzito, mpaka kwenye nyayo.

Hakupata hata nafasi ya kufurahi. Mbili, pumzi, ya tatu. Mbili, pumzi, ya tatu. Alikuwa ameipata, na kila alipoipata ilibidi aipate tena. Kupitia dirishani aliona kichwa cha Stany pale langoni, kofia imeshushwa machoni, na vidole vyake vikienda juu ya goti. Vijana wengine walicheza karata. Ofisini sauti ya Mukalay ilipanda na kushuka.

Alipiga. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta, kwa kuwa kufuta ni kunyamaza. Wanawake wake wa mtoni walikuwa wakipotea mmoja mmoja chini ya mapigo, kwanza mabega, kisha nyuso. Aliwaza Kalumba amefika wapi. Aliwaza kama askari wa stesheni ni wale wanaolinda au wale wanaopora. Aliwaza Tshibola, kama bado yuko pale, kama mvua imempiga. Na katika kuwaza huko kosa likamwingia, nalo ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatazwa siku ya kwanza. Sauti ya shaba ilikuwa inapanda, naye hakuisikia. Au aliisikia na hakuthubutu. Kutia bamba motoni kulihitaji mtu wa mivukuto, na wa mivukuto, Kalumba, alikuwa shambani mwa mahindi. Kulihitaji kunyamaza pia, kunyamaza kurefu, na hicho ndicho kitu pekee alichoambiwa asikifanye. Akaendelea kuipiga shaba iliyokauka. Ikalia nyembamba, ikalia kama sufuria, na hatimaye ikatoa mlio mfupi wa kupasuka.

Ufa ulikwenda kutoka ukingoni mpaka katikati ya mto.

Nyundo ilibaki hewani. Langoni karata zilisimama. Numbi alimwona Stany akiinuka, akiwaambia wenzake jambo kwa mkono, wakae, aone kwanza. Kisha akaja, polepole, kofia mkononi.

Aliingia akafunga mlango nyuma yake. Alitazama benchi la mgeni, akatazama rundo la makaa, akatazama dada yake. Numbi alikuwa ameishika nyundo kama anataka kumpiga nayo mtu, na pengine alitaka.

"Tata Beya hapigake shaba yenye imekauka," Stany alisema. "Njo vile nilijua haiko yeye. Kabla ya pale sikujua."

Numbi alimtazama asielewe.

"Sikujua, Numbi. Nilikuwa nasikia yeye." Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu aliyeibiwa kitu na kurudishiwa kingine. "Alikufundisha siku ngapi?"

"Ukitaka kubaita, ubaite."

"Alienda wapi?"

Nje kijana mmoja aliita jina la Stany. Mwingine alishateremka ukutani. Katika karakana kulikuwa kimya, kimya kirefu kuliko pumzi zote, na Numbi alikisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake.

Stany aliweka kofia juu ya benchi la Tshibola. Akalishika bamba kwa koleo, akalibandua kwenye lami, akalisukuma motoni. Kisha akaenda kwenye mivukuto na kuanza kuivuta. Sauti ile nzito ya upepo, waliyoizoea wote pale nje kwa siku nyingi, ikatoka dirishani. Yule kijana wa ukutani akasikiliza, akarudi kwenye karata zake.

"Yaya," Numbi alisema.

"Nyamaza kwanza."

Shaba ilipoingia wekundu wake aliitoa, akaiacha ipoe kiasi, akailaza upya, upande wenye ufa akiuacha nje, upande mzima mbele yake. Akanyoosha mkono bila kumtazama dada yake. Numbi akampa nyundo.

Mbili za haraka. Pumzi. Ya tatu.

Numbi alisimama amekauka. Ulikuwa mkono wa Tata Beya. Haukuwa wa Tata Tharcisse, wala ule wa zamani wa Stany ambao Numbi alikua akiusikia uani kwao. Vile vidole vya mezani, vya gotini, vya ukingo wa sahani, vyote vilikuwa vikifanya hiki. Kaka yake alikuwa amekaa langoni siku zote zile, kofia ya wafukuzaji kichwani, akisoma darasa lake la mwisho kwa sikio.

Alipiga hivyo mpaka Kalumba alipotokea mlango wa nyuma, magoti yote matope. Alipomwona Stany na nyundo, Kalumba aligeuka kukimbia, Numbi akamshika mkono.

"Amefika?"

"Amefika. Iko na Mama Charlotte. Padre alibapandisha mu wagon." Kalumba bado alikuwa akimtazama Stany kama anavyotazamwa nyoka. "Bantu banalia kule. Bengine banakaa juu ya treni na mvua. Yee anakamata tu mikono yake, hivi."

Ndipo Numbi akaketi chini na kulia. Amefika, ndiyo. Amefika mahali ambapo mtu aliyezaliwa Kolwezi anapakiwa kama gunia kutolewa Kolwezi, na wao waliojitoa roho kumfikisha walikuwa wamewasaidia tu wafukuzaji kufanya kazi bila damu. Alilia kwa hilo, na kwa Tshibola, na kwa bamba lake.

Stany hakuacha kupiga. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na Tata Tharcisse akaingia, macho yamemtoka kwa hofu, amemwacha Mukalay amesinzia juu ya meza ya ofisi.

"Kwa nini hajaenda?" alinong'ona. "Namusikia tangu ile saa. Kwa nini hajaenda?"

Kisha akaona nani ameketi. Mzee alishika ukingo wa benchi. Akabaki kusikiliza, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akimsikiliza kijana huyo huyo miaka miwili iliyopita.

"Ameshafika, Tata," Numbi alimwambia. "Muache tu."

Stany akapiga tatu za mwisho, akaweka nyundo chini kwa adabu, mpini ukielekea upande wa benchi la mgeni. Alilipindua bamba la dada yake. Nyuma kulikuwa na alama moja tu, ya Numbi, na ufa ukipita kando yake. Alipapapasa kwa kidole mahali pa alama ya pili, palipokuwa patupu. Kisha akaenda nyuma ya kabati kama mtu anayejua tangu zamani kilichopo, akatoa lile bamba kubwa likiwa ndani ya gunia lake.

"Nitabambia kazi imeisha," alisema. "Nitasema nililala pale mulango, akapita."

"Batakupiga," Numbi alisema.

"Batanipiga."

Alilitwika begani. Mlangoni alisimama, mgongo kwao. Vidole vyake vilianza tena, juu ya gunia, mbili za haraka, kisha vikakaa.

"Ile ya tatu sijaikamata bado muzuri," alisema. "Kama angebakia tena juma moja."

"Ulikuwa pale ku mulango, yaya," Numbi alimwambia. "Weye njo ulikuwa pale ku mulango, na kofia yabo."

"Najua," Stany alisema, akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye benchi la Tshibola.